Sinia la Ngano la Kiria Kaliroi

Kabla Kiria Kaliroi hajanifundisha neno hata moja la Kigiriki, alikuwa ameshanidunga sindano kumi na moja. Sitanii. Nusu ya watu wa rika langu wa Ibrahimia, mtaa wetu hapa Misri, wana alama ya mkono wake mahali ambapo hawawezi kupaonyesha hadharani. Alikuwa muuzaji katika duka la dawa karibu na kituo cha tramu, na kwa miaka thelathini na minane daktari aliandika, na Kiria, yaani Bibi kwa Kigiriki, akadunga. Mama yangu alikuwa akinishika mikono huku napiga mayowe, na yule mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba ananiambia, "Piga kelele, binti yangu, piga sana. Lakini kwanza nitajie matunda matatu ambayo hujawahi kuyaonja." Mimi nikiwa bado nawaza, sindano imeshaingia na kutoka.

Alizaliwa juu ya duka la mikate, mita mia moja kutoka pale alipofanyia kazi, na mita mia moja nyingine kutoka pale alipoolewa. Mumewe, Stratos, alikuwa fundi saa. Wagiriki wa mtaa wetu waliondoka kidogo kidogo, huyu Athens, yule Toronto, na mwanawe wa pekee, Lefteris, akaenda Melbourne, akaoa huko, akawa anapiga simu kila Jumapili kumuuliza mama yake atahama lini. Kiria alikuwa na jibu moja tu. "Nikiondoka, watu hawa atawadunga nani?" Alijibu hivyo hata baada ya kustaafu, na hata baada ya Stratos kufariki. Mimi nilikuwa nikiamini kwamba anatania. Baadaye nilijua kwamba hakuwa anatania hata kidogo.

Nilipoingia chuo kikuu, alama zangu hazikutosha kusoma Kiingereza, wakanitupa kwenye Kigiriki. Nililia siku tatu. Siku ya nne nikakutana na Bishoi, kijana mrefu mwenye maneno mengi kuliko nywele, akaniandikisha kwa nguvu katika chama chake cha wanafunzi. Kazi ya chama ilikuwa kusherehekea lugha ya Kigiriki na mambo ya Wagiriki: ngoma, mapishi, michezo ya kuigiza, sikukuu zao. Tulikuwa wanachama kumi na tisa, wote Wamisri, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumsikia Mgiriki akigombana. Wanafunzi wa idara nyingine walitucheka mpaka basi. "Nyinyi ni supu ya samaki," walisema, "ila samaki ameenda zake."

Nikamwambia Bishoi, "Samaki namjua mimi. Anakaa ghorofa ya tatu."

Kiria Kaliroi alitupokea Jumamosi hiyo hiyo. Alitutazama kumi na tisa tulivyojazana sebuleni kwake, akatukusanyia vitabu vyetu vyote, akavifungia kabatini. Kisha akampa Bishoi kofia ya marehemu mumewe. "Wewe ni mwenye nyumba," akamwambia. Mimi akanipa ndoo. "Wewe ni mpangaji, na paa linavuja. Haya, gombaneni. Kwa Kigiriki. Atakayeteleza kwenye Kiarabu ataosha vikombe." Bishoi aliosha vikombe muhula mzima. Hivyo ndivyo tulivyojifunza: kwa kulalamika, kubembeleza, kupunguziana bei ya biringanya ambazo hazikuwepo, kutukanana kwa adabu. Nimefundishwa na maprofesa wenye vyeti vinavyojaza ukuta mzima, na sijaona mwalimu kama yule. Hakuchukua hata senti. Akiona umefika na uso umekukunjamana, alikupeleka jikoni kwanza, ukala, ndipo somo likaanza.

Mwaka wangu wa tatu tukawa thelathini na wanne. Kheri hiyo ilikuja na shari yake. Jirani wa chini alipanda kutuonyesha unga wa chokaa uliomdondokea kwenye sahani ya maharage wakati sisi tunacheza ngoma, na hakuna aliyeweza kubishana naye kwa sababu sahani alikuja nayo. Hapo chuoni nako chumba chetu kilikuwa kimechukuliwa, na kanuni zilikuwa wazi: chama kisichokuwa na mahali pa kukutania mpaka mwisho wa muhula kinafutwa kwenye orodha. Tulikuwa na wiki tano.

Palikuwa na mahali pamoja tu. Wazee wa Kigiriki wa mtaani walikuwa na ukumbi wao wa zamani, sakafu ya mbao, piano yenye meno matatu yaliyong'oka, viti mia moja na ishirini. Ulifunguliwa mara chache mno, hasa watu wakitoka kuzika, wanywe kahawa. Ufunguo alikuwa nao mwenyekiti wao, Bwana Pandelis Gavalas, aliyekuwa akiuza jibini na zeituni mpaka magoti yalipomshinda. Mtu mkavu, mwenye sauti ya mlango usiotiwa mafuta.

"Wanataka viza tu hao," alimwambia Kiria mbele yetu, kana kwamba sisi ni viti. "Wakishapata cheti, utawaona?"

"Wewe ulipokuwa kijana ulitaka nini, Pandelis? Utakatifu?"

"Mimi nilikuwa Mgiriki."

"Na bado hukujua kucheza ngoma. Waone kwanza hawa watoto, kisha useme."

Wakakubaliana. Jumamosi moja mwezi wa Mei, saa sita mchana, tutawakaribisha wazee ukumbini mwao wenyewe. Tutawapikia, tutawachezea, tutawaigizia. Tukimaliza watapiga kura papo hapo. Wakisema ndiyo, tunapata ukumbi kila Jumamosi. Wakisema hapana, chama kimekwisha.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Siku moja nilikuwa nikipekua albamu ya Kiria huku yeye anakaanga kitu jikoni, nikaona picha ya sinia. Sijawahi kuona chakula kizuri vile. Sukari nyeupe imelainishwa kama shuka iliyopigwa pasi, pembeni lozi zimezungushwa kama shanga, katikati msalaba wa peremende ndogo za rangi ya fedha, na chini yake herufi mbili za Kigiriki, sigma na psi. Stratos Psaltis, jina la mumewe.

"Kiria, hiki ni nini?" nikapaza sauti.

"Kipi?"

"Sinia, lenye sukari juu!"

"Ah, ngano hiyo! Ngano ya kuchemsha, zabibu, komamanga, mdalasini. Niliipika kwa mikono yangu. Ilinichukua siku mbili!" Mafuta yakaruka, akapiga ukelele, tukasahau.

Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Kwetu ngano ya kuchemsha yenye sukari ni chakula cha furaha. Mtoto akiota jino la kwanza, inachemshwa. Siku ya Ashura inagawiwa nyumba hadi nyumba. Nikampelekea Bishoi habari: Wagiriki wakitaka kumheshimu mtu, wanamtengenezea sinia la ngano na kuandika jina lake juu. Tuliona pale pale kwamba siku ya sherehe tutamheshimu Kiria mbele ya wazee wote, kwa siri, bila yeye kujua. Mimi niliuliza swali moja tu la busara, kuhusu msalaba. Bishoi ni Mkristo wa Kikopti, nikadhani anajua. "Msalaba hawa wanauweka hata kwenye mkate," alisema. "Weka." Mpaka leo, miaka mingi imepita, nikitaka kumnyamazisha Bishoi namkumbusha neno hilo, "Weka."

Tulichemsha kilo sita jikoni kwa mama yangu. Lozi nilizipanga mwenyewe, moja moja, kwa kibanio cha nyusi. Kapa, psi. Kaliroi Psaltu, maana ndivyo Wagiriki wanavyomwita mke wa Psaltis. Mama alisimama mlangoni akasema, "Mashallah, laiti ungekuwa unafua kwa bidii hii."

Siku ikafika. Walikuja wazee ishirini na sita, wanawake wamevaa lulu, wanaume wamefunga tai, wamekaa kama majaji. Dakika kumi za kwanza hakuna aliyetabasamu. Kisha mimi na Bishoi tukaigiza ule ugomvi wa paa linalovuja, tukiwa tumeongeza mambo, na kibibi mmoja wa safu ya mbele, mwenye lulu nyingi kuliko wote, akacheka mpaka akashika meno yake yasitoke. Ngoma zikaanza. Waliona kwamba hatukosei hatua, wakaanza kugonga viatu. Mzee mmoja aliinuka, akaomba leso, akaongoza mstari mwenyewe, jasho linamtoka na mkewe anamfokea akumbuke moyo wake. Tulikula samaki wa tanuri na majani ya mzabibu yaliyojazwa wali. Hata Bwana Pandelis aliomba sahani ya pili, akasema zeituni zetu zilikuwa mbovu, na kwa mtu yule hiyo ilikuwa sifa. Kiria alikuwa anazunguka baina ya meza na uso wake unang'aa. Nilijiambia, tumepata.

Ndipo Bishoi akapiga makofi mara tatu na kusema kwa Kigiriki safi kabisa, "Mabibi na mabwana, sasa tunamheshimu mwalimu wetu mpendwa!" Wavulana wanne wakaingia na sinia, wakaliweka mezani mbele ya Kiria, tukashangilia.

Tulishangilia peke yetu.

Kibibi wa lulu akajipiga ishara ya msalaba. Wa pembeni yake akajitemea kifuani mara tatu, ptu, ptu, ptu, kufukuza balaa. Yule mzee wa leso aliivua miwani, akaivaa tena, akasoma herufi kwa sauti ndogo, "Kapa... psi... Panagia mou," akimwita Bikira Maria. Bwana Pandelis alisimama, na kiti chake kikaanguka nyuma.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Bishoi bado alikuwa anatabasamu. "Hakuna aliyekufa, Bwana Pandelis. Ni kwa ajili ya Kiria Kaliroi!"

"Kaliroi huyu hapa yuko hai, wewe mjinga!"

Nilimgeukia bibi aliyekuwa karibu nami, nikamwuliza kuna nini. Alinishika mkono, na sauti yake ilikuwa ya huruma, jambo lililonitisha zaidi. "Binti yangu, hicho ni chakula cha maiti. Tunakipika siku ya arobaini. Tunaandika jina la marehemu."

Sijui kama umewahi kusikia damu ikikuhama kutoka kichwani mpaka kwenye nyayo. Na sisi tuna arobaini. Na sisi tunapika. Nilimpikia mwalimu wangu hitima yake, nikamwandalia mezani, nikapiga makofi. Niliwatazama wenzangu thelathini na watatu, nikaona habari inavyopita kutoka uso mmoja hadi mwingine. Bishoi alikuwa mweupe kuliko ile sukari.

"Mnaona?" Bwana Pandelis alikuwa ameshachukua kofia yake. "Nilisema mimi. Wanachezea vitu wasivyovijua. Leo wanatuzika kwa makofi, kesho watafanya nini? Twendeni. Kura yangu mnaijua." Wazee wawili, watatu wakaanza kusogeza viti.

Kiria Kaliroi alikuwa ameinama juu ya sinia. Alivaa miwani yake ya kamba na kulizunguka lile jina lake kwa kidole bila kuligusa.

"Lozi amezipanga nani?" aliuliza.

"Mimi, Kiria," nikasema, na machozi yalikuwa yameshaanza. "Nisamehe, naapa sikujua, nisamehe..."

"Umezipanga vizuri. Psi imeinama kidogo. Nipe kijiko."

Nikampa. Alikichoma katikati kabisa, chini ya msalaba, akachota kijiko kilichojaa, akatafuna polepole. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama akitafuna. Akameza, akajifuta mdomo.

"Mungu amrehemu Kaliroi," akasema, kama wanavyosema wao wakila chakula hicho. "Alikuwa mwanamke mwema. Ila ngano yake haijaiva."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajiziba mdomo.

"Keti, Pandelis," akasema Kiria.

"Siketi mbele ya upuuzi huu."

"Keti, nina swali. Mkeo Marika tulipomzika, ngano yake alichemsha nani?"

Bwana Pandelis alishika kofia kwa mikono yote miwili. "Wewe."

"Ya Stratos wangu?"

"Wewe mwenyewe."

"Ya Kosta wa mikate? Ya dada zake wote wawili? Ya yule kasisi mnene?"

"Wewe, Kaliroi, wewe. Unataka nini?"

"Miaka ishirini mtaa huu nauchemshia ngano mimi. Sasa niambie. Mimi nikifa, yangu atachemsha nani?"

Nilitazama zile meza na kwa mara ya kwanza nikawaona wazee wale jinsi walivyokuwa, vidole vilivyopinda, fimbo zilizoegemezwa kwenye viti, mmoja anatetemeka kichwa. Hapakuwa na hata mmoja ambaye angeweza kuinua sufuria ya kilo sita.

"Lefteris wangu hajui kuchemsha yai," aliendelea. "Atakuja kwa ndege, atalia, atarudi kwa ndege. Simlaumu. Lakini jambo hili ninalo moyoni mwaka wa sita sasa, na sikumwambia mtu, maana ningemwambia nani? Nyinyi? Nyinyi nanyi mnalo hilo hilo, ila mnaona haya." Akatuelekezea kijiko sisi. "Leo watoto hawa, si wa damu yangu, wengi wao si wa dini yangu, wamenunua ngano, wamechemsha, wameniandika jina kwa lozi. Wamekosea tarehe tu, Pandelis. Utawafukuza kwa kukosea tarehe?"

Nililia pale, mbele ya watu, kwa sauti, na sioni haya kulisema. Niliyedhani nimemtukana ndiye niliyemtua mzigo wa miaka sita, na nilimtua kwa bahati tu, kwa ujinga wangu na kibanio cha nyusi.

Bwana Pandelis alikiinua kiti chake kilichoanguka. Alikaa. Alinyoosha mkono bila kumtazama mtu, Bishoi akamtilia kijiko mkononi. Alichota upande wa pembeni, mbali na jina, akatafuna muda mrefu.

"Haijaiva," alisema.

"Nimeshasema mimi."

"Na mdalasini mchache."

"Watajifunza. Jumamosi ijayo, hapa, kwenye sakafu hii. Sufuria nitaleta mimi."

Akatafuna tena. Kisha akageuka kwangu, si kwa Kiria, akaninong'oneza kana kwamba ananikopa kitu, "Pi na gama. Umesikia, binti? Pandelis Gavalas, pi na gama. Kwa lozi. Zile peremende zinaniumiza meno."

"Panga foleni, Pandelis!" Kiria alimkaripia. "Mimi ndiye wa kwanza."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, wazee na sisi. Nilichomoa daftari la chama, lile la kuandikia wanachama, nikafungua ukurasa mpya, nikaandika pi na gama, lozi, hakuna peremende. Nilipoinua kichwa, kibibi wa lulu alikuwa amesimama mbele yangu na fimbo yake, na nyuma yake mzee wa leso, na nyuma yake wengine, wamepanga mstari kama watu wa duka la mikate. Huyu alitaka zabibu nyingi. Yule alitaka jina lake lote, si herufi mbili, kwa sababu kaburini hakutakuwa na nafasi. Mmoja aliniuliza kama anaweza kumwandikisha na dada yake, ambaye hakuwa na mtu. Kura haikupigwa kamwe, hakuna aliyeikumbuka. Kufikia saa kumi, Kiria akiwa ananichungulia begani na kunisahihisha, nilikuwa nimeandika majina ishirini na saba.